Picha ya Nne Ilikuwa Upande wa Ukutani

Lusia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Kihesa, anadai kwamba Jumapili ile nilishuka mteremko wa Ipogolo nikiwa nimesimama juu ya ubao, mikono nimeikunja kifuani kama mwalimu mkuu, na ubao wenyewe haukugusa lami. Anadai niliruka ng'ombe wawili. Si mmoja, wawili, na wa pili alikuwa na mimba. Anadai magurudumu yalitoa moto ukaunguza nyasi za pembeni, na kwamba nilipofika chini nilimwamkia, "Kamwene, dada Lusia," nikasimama pale pale kama mtu aliyeshuka kitandani.

Ng'ombe hawakuwepo. Kulikuwa na mbuzi mmoja, naye alikuwa amefungwa. Lakini kusimama nilisimama, na hapo ndipo penye shida yangu, maana katika watu wote wa Iringa aliyeniona nikisimama ni Lusia peke yake, na Lusia hata akikuambia leo ni Jumapili, unatoka nje kwanza kusikiliza kengele.

Ngoja nieleze toka mwanzo.

Nilimaliza darasa la saba, waliochaguliwa wakasomwa, jina langu, Tekla, halikutajwa. Nikabaki kwa bibi yangu Rozalia, aliyemzaa mama yangu, kumsaidia kilabu chake cha ulanzi, pombe ya mianzi. Ulanzi ni kazi ya kungoja. Asubuhi unakata ncha ya mwanzi kidogo tu, unafunga chombo, unaondoka. Jioni unarudi, unakata kidogo tena. Ukiwa na haraka unaua mwanzi, unakunywa maji. Kwa hiyo mimi nilizoea kukiangalia kitu kwa muda mrefu, na bibi alikuwa akinitania kwa wateja, "Huyu mke mwenzangu anaweza kulitazama jiwe mpaka jiwe lione aibu."

Mwaka huo ulikuwa 1978, mvua za Februari. Mjomba wangu Edmund, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa dereva wa lori kati ya Mbeya na Iringa. Karibu na Chimala akakuta gari la vijana wa kizungu limekufa, akalivuta kwa mnyororo mpaka Mbeya. Wakampa fulana moja iliyombana tumbo na rundo la magazeti yenye picha za rangi. Mjomba hakuyafungua. Alijua mama yake anapenda kuta nzuri.

Maana kwetu gazeti zuri halitupwi, linabandikwa. Bibi alipika uji mzito wa unga wa ngano, akachana kurasa moja moja, akapaka, akabandika, na siku mbili baadaye kilabu chetu cha udongo kilikuwa kinang'aa kama hoteli. Watu walikuja kuangalia ukuta kabla hata ya kuuliza kama ulanzi umeiva.

Magazeti yale, kumbe, yote yalikuwa ya mchezo mmoja. Vijana wa Amerika wamepanda vibao vyenye magurudumu manne. Ukurasa huu vibao, ukurasa ule vibao. Nywele ndefu, soksi mpaka magotini, viwiko vimefungwa kama wagonjwa. Wengine walikuwa ndani ya shimo kubwa la rangi ya buluu, miguu juu, kichwa kikielekea chini, na wanacheka.

"Hilo ni bwawa la kuogelea," alisema Jailos, fundi cherehani, mteja wetu ambaye hakuna jambo asilolijua. "Limekauka."

"Maskini," bibi akasema. "Hawana maji. Ndiyo maana wamechanganyikiwa."

"Si kuchanganyikiwa, bibi. Ni mchezo."

"Mtu mzima na ndevu zake, anacheza kwenye shimo la maji lililokauka, halafu unaniambia hajachanganyikiwa? Kunywa, Jailos."

Mimi niliwaacha wabishane. Juu ya mtungi wa tatu palikuwa na msichana. Peku, kama mimi. Kiatu hana, soksi hana, nywele zimeruka nyuma, magoti ameyakunja kidogo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeambiwa jambo la kuchekesha sikioni. Nilimwaga ulanzi wa mteja mara tatu kwa kumwangalia yule. Na pembeni yake palikuwa na ukurasa wa mafunzo. Kiingereza sijui, lakini namba ni namba. Picha ya kwanza, mguu mmoja juu ya ubao. Ya pili, mguu wa nyuma unasukuma ardhi. Ya tatu, yuko juu ya ubao, anakwenda.

Nikasema moyoni, na mimi nakwenda.

Nilimwomba mjomba beringi kuukuu. Safari iliyofuata akaniletea nne kutoka gereji moja ya Mbeya, zimelegea lakini zinazunguka. Ubao nilikata kwenye benchi lililovunjika miguu. Ekseli ya mbele niliifunga kwa boliti moja katikati, nikaweka vipande vya mpira wa tyubu kila upande ili nikiinama kushoto ubao nao uende kushoto, kama nilivyoona pichani vyuma vimelala. Wiki tatu nilijifunza kwenye baraza la saruji nyuma ya kilabu. Nilianguka mpaka kuku wakazoea, wakawa hawakimbii tena. Kelele yake! Beringi kwenye saruji zinalia kama nguruwe anayekatwa, na wateja walikuwa wakiziba masikio wanacheka, "Tekla ameondoka! Tekla amerudi!"

Sijui niseme nini kuhusu ile furaha. Ilikuwa inaanzia kwenye nyayo. Nilikuwa nacheka peke yangu nikiwa nakata mianzi, nacheka nikiwa naosha vikombe. Bibi akaniuliza kama nimepata mchumba.

"Nimepata ubao."

"Afadhali," akasema. "Ubao haunywi."

Halafu mjomba Edmund akaja Jumamosi moja na habari. Kule Mbeya kuna fundi wa matoroli, anatafuta beringi kama zile zile, na mjomba ameshamwahidi.

"Mjomba, ulinipa!"

"Nilikupa uchezee, sikukupa uolewe nazo. Toroli linabeba saruji, Tekla. Ubao wako unabeba nini?"

"Unanibeba mimi."

"Kwenda wapi? Kutoka barazani mpaka barazani?"

Jailos akadakia, "Mwanamke hashuki mteremko kwa kitu kama hicho. Labda mteremko wa kitanda."

Kilabu kizima kikacheka. Na mimi, ambaye huwa sijibu, nikajibu. "Mteremko wa Ipogolo je?"

Kicheko kikakatika. Mjomba akaweka kikombe chini. Alikuwa anaipenda sura ya jambo kubwa, yule, hata kama la kipuuzi. Akasema, "Haya. Kesho. Ukishuka ukafika chini na ukausimamisha ubao wewe mwenyewe, ukiwa umesimama, beringi ni zako mpaka ufe, fundi wa matoroli nitamtafutia nyingine. Ukianguka, ukikaa, ukishika mti, naondoka nazo Jumatatu alfajiri. Jailos atakuwa jaji wa chini."

"Nimekubali," nikasema, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kusimamisha sijui.

Barazani huwa ninasimama kwa kugonga ukuta. Kwenda nilijifunza ukutani, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Picha ya nne haikuwepo. Nikatazama ukurasa wa pembeni yake, haipo. Nikatazama dari, maana bibi alibandika mpaka darini, haipo. Kisha nikaelewa. Picha ya nne ilikuwa nyuma ya karatasi ile ile, imetazama udongo, imeshikwa na uji wa bibi.

Nikamwambia bibi. Kilabu kizima kikasikia, na kila mtu akawa na elimu yake.

"Anasimama kwa kukamata mti," alisema mzee mmoja.

"Amerika hawana miti, wana nyumba. Anakamata nyumba."

"Anaruka. Anaacha ubao uende zake, kesho ananunua mwingine. Wale wana hela."

"Mimi nasema," alisema Jailos, "picha ya nne ni hospitali."

"Bibi," nikasema, "naomba nibandue ukurasa mmoja tu."

"Ukuta wangu haubanduliwi."

"Mmoja tu, bibi. Nitaloweka taratibu."

"Utaondoka na udongo wake, nitabaki na kidonda katikati ya kilabu, na wiki ijayo wamama wa kwaya wanakuja kuutazama. Hapana, mke mwenzangu. Ukitaka kusimama, usiende."

Sikulala vizuri. Jumapili tukaenda ibadani, sikusikia neno moja la mchungaji, nilikuwa nashuka mteremko kichwani na kila mara naishia mtoni. Tuliporudi, bibi hakuvua hata kitenge cha kanisani. Alichota maji ya moto kwenye bakuli, akachukua kisu cha kumenyea viazi, akapanda kwenye kigoda mbele ya ukuta wake.

"Bibi?"

"Nyamaza. Karatasi nitapata nyingine. Wewe nitakupata wapi, tena mvivu hivi?"

Akalowesha, akapenyeza kisu, akavuta. Na kweli udongo ukaja nao, kipande cha ukubwa wa sinia, pu, chini. Tukageuza karatasi juu ya meza. Uji na udongo vilikuwa vimekula picha yote. Bibi akapangusa kwa kidole chenye mate, polepole. Ikatokea anga. Ikatokea kipande cha goti. Ikatokea kiatu kimoja, cha nyuma, kisigino kimekandamiza mkia wa ubao, na mkia umegusa ardhi, na mbele ya ubao imeinuka. Basi. Mtu mwenyewe hatukumwona tena, alibaki kwenye kisu.

"Ameanguka?" bibi akauliza.

Niliangalia ile picha kama ninavyoangalia ncha ya mwanzi. Kisigino. Mkia. Kwenye lami palikuwa na mstari mweusi nyuma ya ubao.

"Hajaanguka, bibi. Anakanyaga breki."

Ubao wangu haukuwa na mkia wa kugusa chini. Nikavua katambuga zangu za ibadani, zile ndala za tairi, nikaikata moja, nikaipigilia misumari chini ya ncha ya nyuma, tabaka tatu, mpaka ikabaki nafasi ya kidole tu kati ya mpira na ardhi. Kisha nikabeba ubao begani, peku, tukaondoka.

Miaka hiyo Jumapili ikifika saa nane mchana magari hayaruhusiwi kutembea, ni amri ya kuokoa petroli. Barabara kuu inabaki tupu kama ukumbi uliofagiliwa. Tulivuka mji mzima, wateja wa kilabu nyuma yetu wakiimba, watu wakitoka milangoni kuuliza nani kafa. Hatukuanzia juu kabisa, sikuwa nimechoka kuishi. Tulianzia kwenye kipande cha mwisho, juu ya kona, ambapo lami inashuka, inapinda kulia nyuma ya mwamba, halafu inanyooka mpaka kwenye tambarare ya chini. Jailos alitangulia kwenda kukaa chini na cheo chake cha ujaji. Mjomba akabaki juu na saa ya mkononi, ingawa hakuna aliyemwambia apime muda.

"Unaweza kughairi," mjomba akaninong'oneza. "Nitawaambia unaumwa."

"Naumwa kweli."

"Basi tughairi?"

"Hapana."

Mguu wa mbele ubaoni. Mguu wa nyuma ardhini. Nikasukuma mara moja.

Mara ya pili sikuhitaji. Mteremko ulinichukua kama mama anayemchukua mtoto wake kwa watu. Beringi zikaanza kulia, kwanza nguruwe mmoja, halafu zizi zima. Kitenge kikanipiga mapajani pa pa pa. Nilisikia kelele za watu nyuma, kisha sikuzisikia. Machozi yalitoka, si ya kulia, ni upepo, nayo yakakimbilia masikioni. Mwamba ukaja. Nikakunja magoti kama yule msichana wa juu ya mtungi, nikainama kulia, ubao ukafikiri kidogo, kisha nao ukainama, nikazunguka mwamba nikiwa mzima, na hapo, naomba mnisamehe, nilipiga kigelegele. Peke yangu. Cha harusi kabisa.

Mteremko wote ulikuwa mbele yangu, mweupe kwa jua. Mbuzi akanitazama. Nikamwona Jailos amesimama katikati ya barabara, mkono juu kama trafiki. Akasikia zile beringi zinavyokuja. Mkono ukashuka, na Jailos naye akashuka, mtaroni, kichwa chini, mikono juu ya kisogo. Nikampita.

Kisha nikakanyaga kisigino.

Katambuga ikashika. Moshi ukatoka, harufu ya mpira, ubao ukatetemeka mpaka meno yakagongana. Mbele ikataka kuinuka, nikairudisha. Polepole, nikajiambia, kidogo tu, usiue mwanzi. Kidogo. Kidogo tena. Na ubao ukasimama. Nimesimama. Mbele yangu hatua tatu alikuwa Lusia na ndoo ya mahindi ya kuchemsha kichwani, anatoka kwa dada yake Ipogolo, mdomo wazi.

Nilimwamkia kweli, hapo hajadanganya.

Umati ulipotushukia, Lusia alikuwa ameshaanza. "Haukugusa chini!" alikuwa anasema. "Ameruka ng'ombe!"

"Ng'ombe yupi, Lusia?" mjomba akauliza, anahema.

"Wawili!"

"Wako wapi?"

"Wamekimbia! Wewe ungebaki?"

"Dada Lusia," nikasema, "sema tu kwamba nimesimama."

"Amesimama, ndiyo! Mikono kifuani! Hata hakutikisika!"

Mjomba akashika kiuno. Kila neno la Lusia lilikuwa linanivua beringi moja. Akamgeukia jaji. "Jailos. Wewe umeona nini?"

Jailos alikuwa anatoa majani kwenye nywele. "Mimi niliona vizuri. Ila kulikuwa na vumbi."

"Vumbi kwenye lami?"

"Vumbi la mtaroni."

"Mtaroni ulikuwa unafanya nini?"

"Jaji lazima awe na usalama, Edmund!"

Watu wakacheka mpaka mzee mmoja akakaa chini. Mjomba naye alicheka, lakini akatoa spana mfukoni. "Tekla, mpwa wangu. Sisemi umeanguka. Nasema sijaona. Lori haliondoki kwa habari za Lusia." Akapiga goti kando ya ubao, akaishika nati ya kwanza.

Mimi si mtu wa kelele. Nikachuchumaa upande wa pili wa ubao. "Mjomba, kabla hujafungua, panda wewe."

"Mimi?"

"Unaendesha tani saba. Huu haufiki hata kilo sita."

"Panda, Edmund," bibi akasema. "Au unaogopa benchi langu?"

Hakuna mwanaume anayeweza kujibu hilo mbele ya wateja wa mama yake. Tukapanda tena hadi juu ya kona, safari hii nusu ya watu wakabaki chini, Jailos akiwa wa kwanza kubaki. Nikamwonyesha mjomba mguu wa mbele, mguu wa nyuma. Nikamwonyesha kisigino. "Kidogo kidogo," nikamwambia. "Kama kukata mwanzi."

"Nimezaliwa kwenye mianzi, usinifundishe," akasema, nami nikamsukuma.

Aliondoka ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Hatua ishirini za kwanza alikwenda vizuri. Kisha tukasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, "Mamaaaa!"

"Abee, mwanangu!" bibi akaitikia kutoka juu, mikono mdomoni, na barabara nzima ikaanguka kwa kicheko.

Tuliposhuka tukamkuta amekaa chini katikati ya lami, suruali imechanika nyuma, ubao uko kando yake, na nyuma yake kuna mstari mweusi mrefu umenyooka, unaoishia ghafla. Hakuwa analia, hakuwa ameumia. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanaruka.

"Inashika," akasema. "Tekla, inashika! Nimekanyaga, imeshika! Halafu nimesahau kuacha kukanyaga." Akaugusa ule mstari kwa kidole, akaufuata, mpaka akaona mwingine pembeni yake, mwembamba zaidi, mrefu zaidi, unaofifia taratibu mpaka kuisha, na mwisho wake hakuna alama ya mtu kuanguka. Akautazama huo muda mrefu.

"Huu ni wako?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ng'ombe sijaona hata mmoja," akasema, na Lusia akafungua mdomo, bibi akamtia hindi.

Mjomba akainuka, akajipangusa. Spana ilikuwa imemtoka mfukoni huko juu njiani, wala hakuuliza ilipo. Aliokota ubao, akauzungusha mkononi, akapuliza gurudumu moja likazunguka, likalia kidogo. Alikuwa na uso ule ule wa mtu anayeambiwa jambo la kuchekesha sikioni. Akanisogelea, akashusha sauti ili Jailos asisikie, na Jailos akasogea ili asikie.

"Tekla, mama," akasema. "Kule Mbeya, ukitoka mjini unashuka, kuna barabara moja, lami tupu, ndefu kuliko hii mara mbili. Naipita kila wiki na sikujua ni ya nini." Akaukumbatia ubao kifuani. "Naomba uniazime. Wiki moja tu. Jumamosi nakurudishia."

Nikamwangalia mjomba, nikaiangalia mikono yake, jinsi ilivyoushika, nikajua Jumamosi hiyo haitafika.